Uchangamano wa msimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na waandishi wa programu pale linta (zana inayokagua msimbo na kutoa maonyo) inapolalamika kwamba fanksheni fulani "imezidi", au pale bosi anapotoka mkutanoni akitaka ripoti ya ubora wa msimbo ifikapo Ijumaa. Mifano imeandikwa kwa Python kwa kuwa hata asiyeitumia anaweza kuifuata. Hoja zenyewe zinafaa Java, PHP, JavaScript na Go pia.

Uchangamano wa msimbo ni nini hasa?

Ni wingi wa mambo ambayo msomaji analazimika kuyashika kichwani kwa wakati mmoja ili ajue msimbo unafanya nini. Msomaji huyo mara nyingi ni wewe mwenyewe, miezi sita baadaye, saa tano usiku, mfumo umesimama na simu zinaita.

Fred Brooks aliandika mwaka 1986 kwamba kuna ugumu wa aina mbili: ule uliomo ndani ya tatizo lenyewe, na ule tunaouongeza sisi wakati wa kulitatua. Kodi ya mshahara Tanzania Bara ina ngazi tano kwa sababu sheria imeziweka tano, na hakuna ustadi wa kuandika utakaozifanya ziwe mbili. Lakini ukizipanga ngazi hizo kwa masharti yaliyozama ndani ya masharti mengine hadi mstari unaanzia katikati ya skrini, huo ni ugumu wa kujitakia. Ukurasa huu unahusu huo wa pili.

Hesabu ya McCabe inahesabu nini?

Njia panda. Thomas McCabe aliichapisha Desemba 1976 katika jarida la IEEE Transactions on Software Engineering. Unauchora msimbo wa fanksheni kama mtandao wa vituo na mishale, kisha unachukua idadi ya mishale, unatoa idadi ya vituo, unajumlisha mbili. Hakuna anayechora siku hizi. Njia ya mkato inatoa jibu lilelile: anza na 1, kisha ongeza 1 kwa kila `if`, `elif`, `for`, `while`, kila `case` na kila `except`. `else` haiongezi kitu, kwa sababu uamuzi ulishafanyika kwenye `if` yake.

Fanksheni isiyo na sharti lolote ina 1. Yenye `if` moja ina 2.

Kwa nini kikomo cha hesabu hiyo ni 10?

McCabe mwenyewe alipendekeza 10, na papo hapo akasema ni kikomo cha busara tu, hakina miujiza. Waliomfuata kila mmoja akachagua chake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika chapisho lake namba 500-235 la mwaka 1996 ilibaki na 10, lakini ikakubali kwamba miradi mingine imefanikiwa kwa 15. Kanuni za C++ za ndege ya kivita ya F-35, zilizotolewa mwaka 2005, zinaruhusu hadi 20. NASA, katika kanuni zake za mwaka 2022, inataka 15 au chini kwa programu zinazogusa usalama wa watu. Kwenye zana za kila siku za kukagua msimbo, Checkstyle na PMD huanza na 10, RuboCop na 7, ESLint na 20.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba fanksheni yenye 11 ni mbovu na yenye 10 ni nzuri, muulize amelitoa kitabu gani hilo. Kikomo ni kengele ya kukufanya uangalie. Chagueni kimoja, kiandikeni kwenye mipangilio ya mradi, mwendelee na kazi.

Fanksheni yangu ina 7 tu, mbona hakuna anayeielewa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na linastahili mfano kamili. Hii hapa kodi ya mshahara kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021. `kipato` ni kile kinachobaki baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii.

```python
def kodi_ya_mwezi(mfanyakazi):
    if mfanyakazi is not None:
        if mfanyakazi.yuko_kazini:
            k = mfanyakazi.kipato
            if k <= 270000:
                kodi = 0
            else:
                if k <= 520000:
                    kodi = (k - 270000) * 0.08
                else:
                    if k <= 760000:
                        kodi = 20000 + (k - 520000) * 0.20
                    else:
                        if k <= 1000000:
                            kodi = 68000 + (k - 760000) * 0.25
                        else:
                            kodi = 128000 + (k - 1000000) * 0.30
            return kodi
        else:
            return 0
    else:
        raise ValueError("hakuna mfanyakazi")
```

Hesabu `if`: ziko sita. Ongeza 1, unapata 7. Kwa McCabe fanksheni hii iko salama kabisa, hata RuboCop isingeigusa kama ingekuwa Ruby. Sasa jaribu kusoma `else` ya mwisho kabisa. Ni ya nani? Lazima upandishe macho hadi juu, ukihesabu nafasi za pembeni kwa kidole.

McCabe hakukosea. Alikuwa anatafuta ugumu wa kujaribu msimbo, na kwa upande wa majaribio, masharti sita yaliyopangwa mstari mmoja na masharti sita yaliyozamishwa yana gharama zinazokaribiana. Kwa msomaji si hivyo. Anayefika kwenye sharti la sita anatakiwa bado akumbuke matano aliyoyapita.

Pengo hilo ndilo alilolishughulikia G. Ann Campbell wa kampuni ya SonarSource mwaka 2016 alipotoa kipimo cha uchangamano wa utambuzi. Kanuni zake kwa ufupi: kila kitu kinachokatiza usomaji wa juu kwenda chini kinalipiwa 1. Kikiwa ndani ya kingine, kinalipiwa 1 zaidi kwa kila ngazi ya kina. `else` inalipiwa 1, lakini haitozwi kina. `switch` nzima inalipiwa 1, haijalishi ina kesi ngapi. Mfululizo wa `and` peke yake unalipiwa 1, ila ukichanganya `and` na `or` unalipia kila mgeuko.

Tuipime fanksheni yetu. `if` sita zinagharimu 1, 2, 3, 4, 5 na 6, jumla 21. `else` sita zinaongeza 6. Jumla kuu ni 27, na kikomo cha kawaida cha SonarQube, zana ya SonarSource ya kukagua msimbo, kwa lugha nyingi ni 15. Kipimo hiki kimeona kile ambacho jicho lako liliona.

Basi irekebishwe vipi?

Kwa hatua mbili, na inafaa kuzitazama kando kando kwa sababu zinasogeza namba tofauti.

Hatua ya kwanza: toa nje kesi zisizo za kawaida mapema, kisha nyoosha ngazi kwa `elif`.

```python
def kodi_ya_mwezi(mfanyakazi):
    if mfanyakazi is None:
        raise ValueError("hakuna mfanyakazi")
    if not mfanyakazi.yuko_kazini:
        return 0

    k = mfanyakazi.kipato
    if k <= 270_000:
        return 0
    elif k <= 520_000:
        return (k - 270_000) * 0.08
    elif k <= 760_000:
        return 20_000 + (k - 520_000) * 0.20
    elif k <= 1_000_000:
        return 68_000 + (k - 760_000) * 0.25
    else:
        return 128_000 + (k - 1_000_000) * 0.30
```

McCabe bado ni 7, haijasogea hata kidogo. Uchangamano wa utambuzi umeshuka kutoka 27 hadi 7. Hakuna uamuzi uliofutwa, ila kina kimeondoka. Mtu akikuambia amepoteza alasiri nzima "bila namba kubadilika", muulize alikuwa anatazama namba ipi.

Watu wengi wangeishia hapo, na si vibaya. Lakini ngazi za kodi hubadilika. Kabla ya Julai 2021 ngazi ya chini kabisa inayotozwa kodi ilikuwa asilimia 9. Kinachobadilika kwa uamuzi wa Bunge hakistahili kufukiwa katikati ya masharti, kinastahili kuwa data:

```python
# Viwango vya kuanzia Julai 2021, kutoka ngazi ya juu kwenda ya chini
NGAZI = [
    (1_000_000, 128_000, 0.30),
    (760_000, 68_000, 0.25),
    (520_000, 20_000, 0.20),
    (270_000, 0, 0.08),
]

def kodi_ya_mwezi(mfanyakazi):
    if mfanyakazi is None:
        raise ValueError("hakuna mfanyakazi")
    if not mfanyakazi.yuko_kazini:
        return 0
    for mwanzo, msingi, kiwango in NGAZI:
        if mfanyakazi.kipato > mwanzo:
            return msingi + (mfanyakazi.kipato - mwanzo) * kiwango
    return 0
```

Sasa McCabe ni 5 na utambuzi ni 5. Muhimu kuliko namba hizo ni kwamba mhasibu asiyejua Python anaweza kulisoma jedwali lile na kukuambia mstari wa tatu una kosa. Hilo halipimwi na zana yoyote.

(Kwa mishahara halisi tumia `Decimal` badala ya desimali za kawaida za kompyuta. Mfano umeachwa hivi ili usomeke.)

Angalia pia gharama yake. Msimbo wa jedwali unategemea mpangilio: mtu akiongeza ngazi mpya chini kabisa bila kufuata mtiririko wa juu kwenda chini, kodi itakosewa bila kelele yoyote. Uchangamano umehamia kwenye data. Ndiyo maana ya maoni yale mafupi juu ya jedwali, na ndiyo maana jaribio dogo la kuhakikisha `NGAZI` imepangwa lina thamani kuliko linta.

Mbinu nyingine zipi zinafaa?

Inayopuuzwa kuliko zote ni kulipatia sharti jina. Linganisha hii (`kyc` ni uhakiki wa utambulisho wa mteja):

```python
if m.salio >= kiasi + ada and not m.amefungiwa and (m.kiwango_cha_kyc > 1 or kiasi <= KIKOMO):
```

na hii:

```python
ana_fedha = m.salio >= kiasi + ada
anaruhusiwa_kiasi = m.kiwango_cha_kyc > 1 or kiasi <= KIKOMO
if ana_fedha and anaruhusiwa_kiasi and not m.amefungiwa:
```

Idadi ya maamuzi ni ileile. Lakini wa pili unasomeka kama sentensi, na siku ikitokea hitilafu unaweza kuchapisha `ana_fedha` peke yake ukajua tatizo liko upande gani.

Nyingine: ondoa vigezo vya kweli na si kweli kwenye wito. Ukikuta `tuma(ujumbe, True, False)` huwezi kujua ile `False` inazima nini bila kufungua faili jingine. Mara nyingi fanksheni ya namna hiyo ni fanksheni mbili zilizolazimishwa kuishi pamoja, zikitenganishwa na `if` ndani. Zitenganishe.

Halafu kuna kufuta. Msimbo usioitwa na mtu, swichi ya kipengele kilichokwisha kuzinduliwa kwa wateja wote, njia ya kupitia mtoa huduma ambaye mkataba wake ulikwisha. Kila `if` ya namna hiyo inahesabiwa na kila msomaji anailipia. Git inakumbuka, usiogope.

Mwongozo wa Linux unasema nini kuhusu kina?

Unasema, kwa lugha kali kidogo, kwamba ukihitaji zaidi ya ngazi tatu za kuingia ndani, tayari umeharibikiwa na unapaswa kurekebisha programu yako. Nafasi za pembeni za kernel, yaani kiini cha Linux, ni herufi nane kwa makusudi, ili kina kikuumize macho mapema. Ni linta ya bei rahisi kuliko zote.

Zana mbili zinanipa namba tofauti kwa fanksheni ileile. Ipi inadanganya?

Hakuna inayodanganya. Kwenye Python, kwa mfano, zana ya kupima iitwayo Radon inaongeza 1 kwa kila `and` na `or`, ilhali programu-jalizi ya mccabe inayotumiwa na linta ya Flake8 haizihesabu. Radon inahesabu pia `assert`. Ukihama zana, hama na kikomo chako, na usilinganishe ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu kama zana imebadilika katikati.

Nitumie zana gani basi?

Kwa Python, `radon cc -s -n C mradi/` itakuonyesha fanksheni zenye daraja C kwenda chini, yaani kuanzia 11. Kwa mradi wenye lugha mchanganyiko, Lizard inasoma lugha nyingi na haihitaji msimbo uweze kujengwa. JavaScript ina kanuni ya `complexity` ndani ya ESLint, pamoja na `max-depth`, ambayo mimi naona ina faida kuliko ya kwanza. Kwa uchangamano wa utambuzi, SonarQube ndiko ulikozaliwa.

Namba hii inaniambia niandike majaribio mangapi?

Inakupa dari ya matawi: kwa majaribio yasiyozidi namba ya McCabe unaweza kupita kila tawi, yaani kila upande wa kila uamuzi, walau mara moja. Haikupi idadi ya njia. Weka `if` kumi mfululizo, zisizotegemeana, moja baada ya nyingine. McCabe ni 11. Njia za kupita kutoka juu hadi chini ni 1,024, kwa sababu kila `if` inaongeza idadi mara mbili. Brian Nejmeh alitoa mwaka 1988 kipimo cha kuhesabu njia hizo, NPath, na kikomo alichopendekeza ni 200. Kama kuna hitilafu inayotokea tu pale sharti la pili na la tisa yanapokutana, majaribio 11 yanaweza kuikosa bila aibu.

Namba ndogo ina maana msimbo ni salama?

Hapana. Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya haraka ya iOS kwa sababu ya mstari mmoja, `goto fail;` (amri ya kurukia mwisho wa fanksheni), uliokuwa umerudiwa mara mbili katika msimbo wa kuhakiki miunganisho salama. Wa kwanza ulikuwa chini ya `if`. Wa pili ulisogezwa pembeni kana kwamba nao uko chini yake, ila hapakuwa na mabano, kwa hiyo ulitekelezwa kila mara. Hatua iliyobaki ya uhakiki ikarukwa, na programu ikarudisha jibu la "sawa".

Mstari ule haukuongeza uamuzi wowote. McCabe angeuona kama hewa. Mabano ya lazima kwenye kila `if`, onyo la kikusanyaji kuhusu msimbo usiofikika, au jaribio moja la cheti kibovu vingeukamata.

Na namba kubwa imewahi kufika mahakamani?

Imewahi. Katika kesi dhidi ya Toyota huko Oklahoma mwaka 2013, kuhusu magari yaliyodaiwa kuongeza mwendo yenyewe, Michael Barr, mtaalamu wa upande wa walalamikaji, aliwaeleza wazee wa baraza kwamba fanksheni 67 za programu ya injini zilizidi 50 kwa kipimo cha McCabe, na ile ya kukokotoa pembe ya vali ya hewa ilizidi 100. Hoja yake haikuwa kwamba namba inasababisha ajali. Alikuwa anaonyesha kwamba fanksheni ya namna hiyo haiwezi kujaribiwa ikaisha.

Faharasa ya udumishaji inayoonekana Visual Studio nayo je?

Ni namba ya kuonyesha msimbo ni rahisi kiasi gani kuutunza, na inachanganya vitu vitatu: ujazo wa Halstead (kipimo cha mwaka 1977 kinachohesabu alama na maneno ya msimbo), hesabu ya McCabe, na idadi ya mistari. Visual Studio inaibana iwe kati ya 0 na 100, kisha inapaka kijani kuanzia 20, njano 10 hadi 19, nyekundu chini ya hapo. Sina imani nayo sana. Ikishuka haikuambii ni kwa sababu gani, na kijani chake ni kipana mno. Kuna tafiti zilizoonyesha pia kwamba hesabu ya McCabe inakwenda sambamba na idadi ya mistari, kwa hiyo sehemu ya unachopima mara mbili ni urefu tu. Kama huna zana yoyote, kuhesabu mistari ya kila fanksheni kutakufikisha mbali kuliko unavyodhani.

Mradi una faili elfu mbili na ripoti ina maonyo yasiyohesabika. Nianze wapi?

Usianze na namba kubwa kuliko zote. Fanksheni yenye 80 ambayo haijaguswa tangu mfumo uzinduliwe haimsumbui mtu. Yenye 18 inayofunguliwa kila wiki inawala kila wiki. Tafuta kwanza mafaili yanayobadilishwa mara nyingi:

```
git log --since="1 year ago" --name-only --format= | grep -v '^$' | sort | uniq -c | sort -rn | head -20
```

Weka orodha hii kando ya ripoti ya uchangamano. Mafaili yanayotokea kwenye zote mbili huwa machache, na kila mtu kwenye timu huyajua hata kabla ya kuyaona. Kwenye mifumo mingi ya biashara moja wapo ni lile la malipo, lililoanza na mtoa huduma mmoja, akaongezwa wa pili kwa `if`, wa tatu kwa `elif`, kiraka juu ya kiraka.

Msimbo wenyewe hauna majaribio. Nikiugusa si nitauvunja?

Utauvunja, kama utaanza na kuugusa. Anza na kurekodi tabia yake ya sasa, pamoja na makosa yake. Kwa mfano wa kodi: chukua vipato vya mipakani, yaani 0, 270,000, 270,001, 520,000, 520,001 na kuendelea, ongeza vichache vya katikati, vipitishe kwenye fanksheni ya zamani na uhifadhi majibu. Kila baada ya badiliko dogo, pitisha vipato hivyohivyo kwenye fanksheni mpya ulinganishe. Ukikuta fanksheni ya zamani ilikuwa inakosea kwenye mpaka fulani, iache ikosee vilevile kwanza. Kurekebisha kosa ni badiliko jingine, lenye maelezo yake na pengine na barua kwa mhasibu. Ukichanganya yote mawili, hakuna atakayejua namba za mwezi huu zimebadilika kwa sababu ipi.

Nikigawa fanksheni kubwa kuwa ndogo kumi, tatizo limekwisha?

Linta itanyamaza, hilo ni hakika. Lakini kwa McCabe kila fanksheni inaanza na 1, kwa hiyo jumla ya faili imepanda. Na msomaji sasa anarukaruka kati ya `chakata_1`, `chakata_2` na `endelea_kuchakata`, zinazopokea vigezo saba kila moja kwa sababu zinashirikiana kila kitu.

Kipimo changu ni hiki: unaweza kuipa fanksheni mpya jina linaloeleza matokeo yake, bila "na" katikati? Na anayesoma wito wake anaweza kuendelea bila kuifungua? Ikiwa jibu ni hapana kwa lolote, rudisha kipande mahali pake. Afadhali fanksheni ya mistari arobaini inayosomeka mfululizo kuliko fumbo la vipande kumi.

Majina niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Hakuna kipimo kinachosoma majina, na bado majina yanabeba nusu ya usomaji. Kinachoumiza ni mchanganyiko usio na kanuni: `getMteja` kwenye faili moja, `pata_customer` kwenye jingine, `fetchClient` kwenye la tatu, na zote tatu zinarudisha mtu yuleyule. Mtu mpya kazini atadhani ni vitu vitatu.

Maoni yangu: kama timu ina watu wasiojua Kiswahili, au msimbo utakuwa wazi kwa ulimwengu, andika Kiingereza. Kama mfumo unahudumia shughuli ambayo maneno yake yamezaliwa kwa Kiswahili, kama vile kikoba, mchezo wa upatu, hisa jamii, marejesho, basi tumia maneno hayohayo ya wanachama. Ukitafsiri "hisa jamii" kwa neno la kubuni, kila mkutano na mteja utahitaji mkalimani. Vyovyote mtakavyochagua, wekeni orodha fupi ya maneno ndani ya mradi, moja kwa kila dhana.

Bosi anataka namba kwenye ripoti ya kila mwezi. Nimpe?

Mpe, lakini chagua ya kumpa. Wastani wa uchangamano wa mradi mzima hauna maana, kwa sababu fanksheni ndogondogo zinaushusha na kuficha majabali machache. Mpe orodha ya mafaili matano yanayobadilishwa sana na yaliyochangamana sana, na kama yanapungua au yanaongezeka. Usikubali namba iingie kwenye tathmini ya mtu mmoja mmoja au posho yake. Wiki hiyohiyo utaona fanksheni zikikatwa katikati ya sentensi ili zipite.

Kwenye mradi wa zamani, usizuie ujenzi kwa maonyo ya zamani. Weka sheria kwa msimbo mpya na uliobadilishwa tu, na kanuni kwamba anayegusa fanksheni haruhusiwi kuiacha na namba kubwa kuliko aliyoikuta.

Akili bandia ndiyo inayoandika sehemu kubwa ya msimbo wangu. Bado nihangaike?

Zaidi. Msimbo unaokuja kwa wingi na kwa kasi unahitaji msomaji makini zaidi, na msomaji ni wewe. Pitisha linta ileile kabla hata hujaanza kusoma. Tazama hasa `try` inayomeza kila hitilafu na ukaguzi wa `None` uliorudiwa kila mahali, kwa kuwa unapandisha namba bila kulinda kitu.

Kuna fanksheni za kuachwa na namba zao kubwa?

Zipo. McCabe mwenyewe, kwenye makala yake ya 1976, alikubali kwamba kikomo hakileti maana kwa uteuzi mrefu wa kesi zisizotegemeana. `match` yenye kesi 12, moja kwa kila mwezi, ina zaidi ya 10 na mtoto wa sekondari anaisoma. Msimbo uliozalishwa na mashine, kama kichanganuzi cha sarufi, usiupime kabisa, wekea folda yake msamaha kwenye mipangilio. Mashine ya hali mbalimbali za muamala, yaani umeanzishwa, unasubiri, umekamilika, umerudishwa, mara nyingi husomeka vizuri ikiwa mahali pamoja kuliko ikitawanywa kwenye madarasa sita.

Msamaha uandikwe palepale kwenye msimbo pamoja na sababu yake. NASA inafanya hivyohivyo: sehemu inayozidi 15 inakaguliwa, na anayeiruhusu anaandika kwa nini. `# noqa: C901` (amri ya kuinyamazisha Flake8 kuhusu uchangamano) iliyo uchi, bila neno lolote mbele yake, irudishwe kwa mwandishi wakati wa ukaguzi.